Chuo Kikuu Kimeingia Nyumbani: Je, Mama Atasomea Wapi?

Zamani binti akichaguliwa kwenda chuo kikuu, mtaa mzima ulijua. Sanduku la bati lilinunuliwa, godoro likafungwa kamba, shangazi akaleta kuku, na siku ya safari wazazi walimsindikiza mpaka stendi. Kusoma chuo kikuu kulikuwa ni kuondoka. Mtu alitoka kwao, akawa haonekani mpaka likizo. Ndiyo sababu mwanamke aliyekwisha kuolewa na kuzaa alihesabiwa kuwa wakati wake umepita. Nani angebaki na watoto? Nani angemtunza mkwe aliye mgonjwa? Akiwa na bahati alipata kozi ya wiki mbili za ushonaji, basi.

Siku hizi mambo yamegeuka. Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki sasa hufundisha sehemu ya masomo yao kwa mtandao, na vichache hufundisha karibu yote kwa njia hiyo. Mwanafunzi husoma kwenye simu au kompyuta akiwa kwake, kisha huenda chuoni au kwenye kituo cha mkoa kwa siku chache ili kuonana na walimu na kufanya mitihani. Mchanganyiko huo huitwa ujifunzaji mseto, nasi katika makala haya tutauita tu masomo mseto.

Tunawaandikia mama wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayetamani kusoma mwenyewe. Wa pili ni yule ambaye mwanawe yuko chuoni, na kila Jumapili jioni hupokea ujumbe: "Mama, naomba hela ya bando, kesho tuna kipindi." Wako pia walio wote wawili kwa pamoja, Mungu awape nguvu!

Jambo hili si geni

Wapo wanaodhani kwamba kusoma bila kukaa darasani ni uzushi ulioletwa na simu za kisasa, na kwamba shahada ya namna hiyo ni ya daraja la pili. Sivyo hata kidogo. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1946, na kilifanya hivyo kwa barua. Nelson Mandela alipata shahada yake ya kwanza kupitia chuo hicho mwaka 1943, wakati bado kilikuwa kikitahini tu, na shahada ya sheria aliipata huko huko mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Hatujamsikia mtu akisema kwamba shahada ya Mandela ilikuwa ya daraja la pili.

Kule Uingereza kazi ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria alikabidhiwa mwanamke, Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Scotland, aliyekuwa waziri katika serikali ya Harold Wilson. Wenzake wengi walilibeza wazo hilo. Yeye alishikilia mambo mawili: mlango uwe wazi kwa mtu asiye na vyeti vya awali, na shahada iwe na uzito ule ule wa vyuo vingine. Chuo kilipata hati yake mwaka 1969 na wanafunzi wa kwanza walianza masomo Januari 1971. Walipata vitabu kwa posta, walisikiliza redio na kutazama vipindi vya BBC, na walikuwa na mwalimu wa karibu aliyesahihisha kazi zao na kuonana nao. Walimu wa shule walikuwa wengi miongoni mwao, na akina mama wa nyumbani hawakukosekana.

Hata kwetu wenye umri mkubwa kidogo tunakumbuka elimu kwa njia ya posta, na vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili wa Tanzania kuzunguka redio vijijini, wakajifunza habari za malaria na vyoo, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo hivyo. Redio ilifundisha, kikundi kilijadili, mikono ikafanya kazi. Ukiangalia sana, huo nao ulikuwa mseto.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Kina vituo mikoani, Bara na Visiwani, na tangu mwanzo kiliwalenga watu walio kazini na nyumbani. Uganda nako, Makerere ilianza kutoa shahada za ualimu na biashara kwa wanafunzi wa nje mwaka 1991. Kenya imechelewa kuwa na chuo kizima cha namna hii, ingawa vyuo vyake vilikwisha kufundisha walimu wakati wa likizo kwa miaka mingi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023, na makao yake yako Konza.

Mambo mawili ndiyo yaliyoharakisha safari. Kwanza ni nyaya za baharini zilizofika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, ikawa ghali na ya kusuasua. Pili ni korona. Machi 2020 vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilifungwa. Tanzania ilivifungua tena Juni mosi mwaka huo huo, lakini Uganda shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Walimu wa vyuo ambao hawakuwahi kutuma hata barua pepe kwa mwanafunzi walijikuta wakifundisha kupitia Zoom na WhatsApp. Wengine walilimudu jambo hilo, wengine walilikimbia mara milango ilipofunguliwa.

Hasa huwa wanafanya nini?

Mama mwenzetu, kama hujawahi kuona, hebu tukueleze. Chuo kina ukumbi wake kwenye mtandao. Mwanafunzi huingia kwa namba yake na neno la siri. Humo hukuta vitini, mihadhara iliyorekodiwa, maswali ya kujipima, sehemu ya kujadiliana na wenzake, na mahali pa kuwasilisha kazi kabla ya saa iliyopangwa. Ikipita saa hiyo mlango hufungwa, na mashine haijui kwamba mtoto alikuwa na homa.

Programu inayotumiwa na vyuo vingi, vikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Makerere, inaitwa Moodle. Haina ada ya leseni, ndiyo maana vyuo vyetu viliipenda. Aliyeitunga, Martin Dougiamas wa Australia, alikulia jangwani mbali na shule, na masomo yake ya utotoni aliyapata kwa redio. Tunalitaja kwa sababu mtoto aliyefundishwa kwa mbali alikuja kutengeneza chombo ambacho leo mama naye hufundishwa nacho.

Lakini je, mtu huelewa kweli? Mwaka 2010 wizara ya elimu ya Marekani ilitoa matokeo ya kulinganisha tafiti nyingi zilizofanywa tangu mwaka 1996. Ilionekana kwamba wanafunzi waliochanganya mtandao na darasa walifanya vizuri kidogo kuliko waliokaa darasani tu. Watafiti wenyewe, hata hivyo, walionya kuwa siri haikuwa mashine. Wale waliochanganya walipata muda mwingi zaidi wa kusoma na vitu vingi zaidi vya kusoma. Tafadhali lishike neno hilo "muda", kwa kuwa ndipo penye ugomvi wote wa nyumbani.

Hesabu ya saa

Tangazo la chuo husema: "Soma ukiwa nyumbani kwako, kwa wakati wako." Maneno hayo ni matamu. Anayeyaandika huenda hajawahi kuwa mama katika nyumba yenye watoto watatu na jiko la mkaa.

Tufanye hesabu. Tanzania, mwaka mmoja wa shahada huhesabiwa kuwa na krediti 120, na kila krediti ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi: kusikiliza, kusoma, kuandika, kufanya mazoezi na mitihani. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa majuma arobaini, utapata saa 30 kwa juma. Hiyo ni karibu kazi nyingine ya ajira. Mama aliye kazini hawezi, wala asijaribu. Akichukua nusu ya mzigo, yaani asome masomo machache na amalize kwa miaka mingi zaidi, zinabaki saa 15 kwa juma. Hapo ndipo tunaweza kuanza kuzungumza.

Tuchukue mfano wa mama ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wake ni fundi seremala, wana watoto watatu na mdogo ana miaka minne. Akiamka saa kumi alfajiri siku tano za juma na kusoma mpaka saa kumi na moja na nusu, amepata saa saba na nusu. Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, saa nne. Jumapili baada ya ibada na chakula, saa mbili. Akiiba nusu saa mara tatu wakati wa mapumziko kazini, saa moja na nusu. Jumla ni saa 15 kamili. Kwenye karatasi imekaa sawa.

Sasa iweke hesabu hiyo ndani ya nyumba. Mtu wa kuamka saa kumi ni lazima alale saa nne usiku. Nani atafua na kuosha vyombo vya usiku? Jumamosi mchana ndipo mawifi hutembelea. Jumapili kuna kikundi, kuna mgonjwa wa kuangaliwa, kuna harusi. Na kwa kuwa yuko nyumbani, hakuna anayeona kwamba yuko kazini. Mama anayetoka na begi kwenda chuoni, jirani husema, "Leo ana masomo." Mama aliyekaa sebuleni na simu mkononi, jirani husema, "Huyu naye, kutwa na simu!" na humtuma mtoto kuomba chumvi.

Kwa maoni yetu, hili ndilo jambo kubwa linalosahauliwa na wanaosifu masomo ya mtandao. Darasa lina kuta, na kuta zinamlinda mwanafunzi. Nyumba haina ulinzi huo kwa mwanamke. Kila mlango unamwita yeye. Kwa hiyo kabla ya kutafuta fedha za ada, tafuta kuta. Pengine ni chumba cha watoto kwa saa mbili, mlango ukiwa umefungwa. Pengine ni darasa tupu la shule unayofundisha, baada ya vipindi. Pengine ni maktaba ya mkoa au kituo cha chuo chenyewe. Wako akina mama wanaokubaliana wawili watatu wa mtaa mmoja: Jumamosi hii watoto wote wako kwa fulani, Jumamosi ijayo kwa mwingine. Mpango huo haugharimu kitu ila uji wa watoto.

Na watoto wakubwa wagawiwe kazi, wa kiume kwa wa kike. Mvulana wa miaka kumi na miwili anayeweza kucheza mpira saa tatu anaweza pia kukosha sufuria. Usimwonee huruma ya bure.

Mzungumze kabla, siyo baada

Tunajua ndoa ambazo ziliingia mashaka kwa sababu ya masomo, na chanzo hakikuwa wivu wa elimu, bali simu. Kundi la wanafunzi huwa na WhatsApp yake, wanaume kwa wanawake. Kazi ya kikundi hujadiliwa saa tano za usiku kwa sababu ndipo bando la usiku ni nafuu na watu wametulia. Mume anageuka kitandani anamwona mke anatabasamu na mwanga wa simu usoni. Utamweleza nini wakati huo? Utasema, "Ni kazi ya kikundi," naye atanyamaza, lakini atakuwa amelala na neno moyoni.

Afadhali aelezwe mapema. Mwonyeshe ukumbi wa chuo ulivyo, mwonyeshe ratiba, mtajie majina ya wenzako wa kikundi, na panga pamoja naye saa ya mwisho ya kushika simu. Kama kikundi kinakutana usiku wa manane, mwombe kiongozi wa kikundi abadilishe saa. Mara nyingi utakuta kuna mama wengine wanne waliokuwa wakiogopa kusema. Ikiwa utaratibu wa nyumba yenu unaruhusu, keti sebuleni mlango wazi. Wengine wataona tunamfanya mke kuwa mtoto wa kuombea ruhusa. La hasha! Tunasema hivi kwa kuwa tumeona kwamba mume anayejua tarehe ya mtihani humkumbusha mke wake, na humfukuza mgeni mlangoni kwa ajili yake. Mume asiyejua kitu huona tu kwamba chakula kimechelewa.

Mwambie pia habari ya fedha yote, si ya ada peke yake.

Bando, chombo na ada

Gharama iliyofichika katika masomo mseto ni ile ambayo zamani ilikuwa ya chuo: umeme, intaneti, meza. Sasa imehamia kwako. Ni vema kujua bando huliwa na nini. Kutazama video kwa saa moja huweza kumaliza megabaiti mia kadhaa, hata zaidi ikiwa picha ni safi sana. Kusikiliza sauti pekee hula sehemu ndogo tu ya hizo. Kitini cha maandishi cha kurasa ishirini mara nyingi hakifikii hata megabaiti mbili. Kwa hiyo katika kipindi cha moja kwa moja, funga kamera yako na uache sauti. Vitini vipakue mara moja na uvihifadhi, usivifungue mtandaoni kila siku. Mihadhara mirefu ipakue siku unayofika chuoni au kituoni, ambako mara nyingi kuna intaneti ya bure kwa wanafunzi. Na zima yale masasisho ya programu yanayojiendesha yenyewe; hayo ni panya ndani ya ghala.

Simu janja itakutosha kusoma na kujadili. Haitoshi kuandika kazi ya kurasa kumi na tano. Macho yataumia na vidole vitachoka. Huhitaji kompyuta mpya. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye betri inayoshika saa mbili, ikinunuliwa kwa mtu anayeaminika, inafaa kabisa. Umeme nao hukatika usiku wa kuwasilisha kazi, hii tumeiona mara nyingi mno isiwe bahati mbaya tu. Anayewasilisha siku mbili kabla hana cha kuogopa.

Ada yenyewe uliza kama unaweza kulipia somo moja moja au kwa mafungu. Vyuo vya masafa mara nyingi huruhusu, na huo ndio unafuu wao mkubwa kwa mama anayeweka akiba kwenye kikoba. Tunachokataza ni kuchukua mtaji wa biashara ndogo inayolisha nyumba na kuumwaga wote kwenye ada ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili utalipiwa na nini?

Kabla hujalipa

Si kila kinachoitwa chuo mtandaoni ni chuo. Mmoja wetu alilipia kozi ya miezi mitatu katika taasisi moja ambayo hatutaitaja. Kwa majuma sita hakusikia sauti ya mwalimu yeyote. Alichopata ni picha za vitini vya zamani, zilizopigwa zikiwa zimepinda, kurasa nyingine hazisomeki. Alipouliza, alijibiwa kwamba masomo ya mtandao ndivyo yalivyo, mwanafunzi hujitegemea.

Jibu hilo si la kweli. Kupandisha vitini mtandaoni siyo kufundisha, kama vile kumwaga mahindi mezani siyo kupika. Masomo haya yanapoendeshwa vizuri, humchosha mwalimu kuliko darasa la kawaida: hujibu maswali ya mtu mmoja mmoja, husahihisha kazi na kurudisha maelezo, humtafuta mwanafunzi aliyenyamaza majuma mawili. Vyuo vilivyodhani kwamba mtandao ni njia ya kufundisha wengi kwa gharama ndogo vimeona matokeo yake. Kuanzia mwaka 2012 dunia ilishangilia kozi za bure zilizofunguliwa kwa maelfu ya watu kwa mara moja, na punde ikaonekana kwamba sehemu ndogo sana ya waliojiandikisha ndiyo iliyofika mwisho. Peke yake, mtu huchoka.

Kwa hiyo uliza, wala usione haya. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Kazi husahihishwa baada ya siku ngapi? Mitihani hufanyikia wapi, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani? Kama ni masomo ya uuguzi, maabara au kufundisha darasani, mazoezi kwa vitendo yatafanyika hospitali gani, shule gani? Ubongo unaweza kusoma habari ya sindano kwenye simu, lakini mkono haujui mpaka uishike. Na kabla ya yote, hakikisha kwamba chuo na programu yenyewe, vyote viwili, vinatambuliwa: Tanzania na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, Kenya na Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, Uganda na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Zote hutoa orodha zao wazi. Chuo cha nje kinachokutaka ulipe leo ili upewe punguzo, kiache mpaka umeuliza.

Asiye na alama za kutosha naye asikate tamaa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya awali ya kumwandaa mtu asiye na sifa za moja kwa moja. Masharti yake hubadilika, basi nenda kituo cha mkoa ukaulize ya mwaka huu, ukiwa na vyeti vyako halisi mkononi.

Na huyu binti anayeomba bando?

Mzazi wa mwanafunzi ana mashaka yake. Bando ni la masomo kweli, au la muziki? Hatuwezi kukuapia. Lakini uko uwezekano wa kujua bila kuwa polisi. Mwambie akuonyeshe ukumbi wake wa masomo akiwa nyumbani, kazi alizowasilisha na alama alizopata. Kijana anayesoma hufurahi kuonyesha. Anayeanza kusema mtandao uko chini, kila siku unapouliza wewe, una la kuzungumza naye.

Mwaka 2020 tuliona jambo lililotuuma. Wanafunzi waliporudishwa nyumbani, kijana wa kiume alipewa chumba, akaambiwa asisumbuliwe, ana kipindi. Dada yake wa chuo hicho hicho alisikiliza mhadhara akiwa anamenya ndizi, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, na katikati ya kipindi aliitwa kuteka maji. Muhula ulipokwisha watu wakasema binti ameshuka. Nasi akina mama ndio tuliompa kisu cha kumenyea. Vipindi vya mtandaoni havikuondoka na korona, kwa hiyo hata leo binti akiwa likizo na ratiba yake ibandikwe ukutani, kama ya kaka yake.

Kuna pia udanganyifu. Wako watu wanaouza kazi zilizoandikwa tayari, na sasa ziko programu za akili bandia zinazoandika insha kwa dakika moja. Kijana atakwambia kila mtu anafanya. Muulize swali moja tu: mtihani wa kituoni, ambako simu huachwa mlangoni, utaandikiwa na nani? Vyuo vingi vimeendelea kuweka mitihani ya mwisho ya ana kwa ana kwa sababu hiyo hiyo, na tunaona vimefanya vyema.

Siku ya mtihani

Kwa mama, hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote, kwa kuwa ratiba hairudishwi nyuma. Ipate mapema na uipeleke kwa mwajiri wako kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo husahauliwa. Kama kituo kiko mbali, fika jana yake, ulale kwa ndugu au nyumba ya wageni ya karibu, usitegemee basi la alfajiri. Beba kitambulisho cha chuo na kile cha taifa, na risiti za ada, kwa maana kuna waliozuiliwa mlangoni kwa deni ambalo walikwisha kulipa.

Anayenyonyesha asiahirishe kwa sababu hiyo tu. Amweleze mratibu wa kituo majuma kadhaa kabla, aombe kiti cha karibu na mlango, na aje na msaidizi wa kukaa na mtoto. Kwenye vituo tunavyovijua si ajabu kumkuta dada wa kazi au bibi amekaa chini ya mwembe na mtoto mgongoni, na thamosi ya uji kando. Karatasi ya asubuhi ikiisha, mama hutoka, hunyonyesha, hula kidogo, hupitia maelezo yake. Ile ya mchana huanza saa nane.